Waliobaki Migombani

Kila Desemba, mabasi ya kaskazini yanapojaa Dar es Salaam na tiketi zikaanza kugombaniwa, watani huwaambia Wachaga kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Utani ni mtamu, ila sensa yenyewe hufanyika Agosti, na Agosti Mchaga yuko Kariakoo, yuko Mwanza, yuko Nairobi, au yuko zamu ya usiku katika hospitali ya Uingereza. Mwaka 2012 Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa watu 1,640,087. Mwaka 2022 walikuwa 1,861,934. Katika miaka hiyo kumi Tanzania nzima ilitoka watu milioni 44.9 ikafika milioni 61.7. Kwa kila watu 100 waliokuwepo, nchi iliongeza 37, na Kilimanjaro haikufikisha 14. Uzazi umepungua huko, hilo ni kweli, na mkoa una Wapare pia, ambao nao ni wasafiri hodari. Hata hivyo mlima umekuwa ukitoa watu kwa muda mrefu.

Habari za waliotoka zimesimuliwa vya kutosha. Tunamjua mwenye duka anayefunga saa nne usiku na kufungua kabla ya adhana, tunamjua profesa, tunamjua mwenye mabasi. Mafanikio yao huelezwa kama tabia ya kabila, na wenyewe hawakatai sana. Historia ya mlima inaonyesha jambo jingine: kwa kila aliyeondoka alikuwepo mtu, mara nyingi mwanamke, aliyebaki migombani akifanya kazi ambayo bila hiyo safari isingewezekana.

Kazi hiyo haieleweki bila kukijua kihamba. Kihamba ni makazi na shamba kwa pamoja: migomba imesimama juu, mibuni kivulini mwake, magimbi na maharage chini, ng'ombe wawili au watatu zizini, na mfongo unaoleta maji kutoka korongoni. Vihamba vimejipanga mteremkoni kuanzia kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari hadi kama 1,800, unapoanza msitu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo hiki, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo duniani, na likakipa umri wa karibu miaka 800.

Siri ya umri huo ni samadi. Migomba inakula sana, na ardhi isiyopumzishwa ingekuwa imechoka zamani kama isingelishwa. Ng'ombe wa kihambani hatoki kwenda malishoni, malisho ndiyo yanayomfuata zizini. Wanawake waliteremka hadi tambarare, wakakata majani, wakafunga mzigo na kuupandisha mlimani kichwani, mwendo wa saa kadhaa. Wa juu zaidi waliingia ukingoni mwa msitu, kwenye ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wananchi, kutafuta majani na kuni. Majani yakawa samadi, samadi ikawa ndizi, maziwa na baadaye kahawa. Anayetaka kujua karo ya shule ya Wachaga wa kwanza ilitoka wapi anaweza kuanzia kwenye ule mzigo wa majani.

Urithi wa kihamba ulikuwa na utaratibu wake, nao umeandikwa mapema. Mchungaji Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kukaa miaka mingi Kidia, Old Moshi, alichapa kitabu kinene juu ya sheria za Wachaga mwaka 1926. Miongo kadhaa baadaye mwanaanthropolojia Sally Falk Moore alizifuata familia za mlimani, akaona desturi ileile ikiendelea kwa sura mpya. Kifungua mimba wa kiume alikuwa na fungu lake, baba alimtafutia kihamba. Kitinda mimba alirithi nyumba ya wazazi, akabaki na mama yake hadi mwisho wa maisha yake. Wa katikati hawakuwa na uhakika wa kitu. Ilibidi waende kwa mangi, yaani chifu, kuomba ardhi tupu, waifyeke na kuanza upya.

Maadamu ardhi tupu ilikuwepo, utaratibu huo ulikwenda. Ukaja utawala wa Kijerumani. Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wenzake, na kufikia wakati huo kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuwafundisha watu kuwa fedha si jambo la hiari. Mashamba makubwa ya walowezi yakakatwa katika miteremko ya chini, palepale ambapo watoto wa katikati wangesogea. Reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Tangu hapo kijana asiye na kihamba aliweza kupanda garimoshi.

Kahawa ilikamilisha kazi. Mapadri wa Kilema walikuwa wameipanda tangu siku za mwanzo za misheni yao iliyoanza mwaka 1890, lakini ilisambaa vihambani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipokuwa wameshika nchi na ofisa wao Charles Dundas akiwahimiza Wachaga kuilima. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa mbele. Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika ambacho kila Mchaga anakijua kwa herufi nne: KNCU. Mbuni hukaa miaka mingi, na mwenye mbuni hang'oki. Ardhi ambayo zamani ingerudi kwa mangi ikiachwa sasa ilishikwa na mizizi ya kahawa. Kufikia mwaka 1946, serikali ilipomteua Jaji Mark Wilson kuchunguza matatizo ya ardhi ya Arusha na Moshi, uhaba ulikuwa umekwisha kuwa kilio cha mlima mzima.

Kwa hiyo wa katikati waliondoka. Hawakuondoka kama manamba. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalijazwa na watu wa mikoa mingine. Mchaga aliyekuwa na kahawa nyumbani hakuwa na sababu ya kuuza nguvu zake kwa ujira wa mkonge. Alitoka na cheti cha shule ya misheni, au leseni ya udereva, au mtaji mdogo wa duka. Akawa mwalimu, karani, fundi, mpishi wa Mombasa, askari. Wachache walivuka bahari: Solomon Eliufoo wa Machame, aliyekuja kuwa kiongozi wa Wachaga mwaka 1960 na baadaye waziri katika serikali ya Nyerere, alisoma Marekani na Uingereza. Kinachosahaulika ni kwamba wengi wa hawa waliondoka peke yao. Mke na watoto walibaki.

Hapo ndipo Kilimanjaro inapofanana na nchi iliyo mbali sana nayo. Ufilipino, tangu serikali ya Marcos ilipotunga sheria ya kazi ya mwaka 1974, ilifanya kupeleka wafanyakazi ng'ambo kuwa shughuli ya taifa, yenye ofisi na mikataba yake, na baba au mama akiondoka kwenda Ghuba, bibi na shangazi hushika nyumba. Uchagani hakuna serikali iliyopanga. Kila kitu kiliwekwa na ukoo, na sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa imekwisha kuwepo kabla ya safari zenyewe, kwa ajili ya mambo mengine kabisa.

Chukua uzazi. Mwanamke aliyejifungua aliwekwa ndani miezi mitatu. Hakukata majani, hakubeba maji. Mama mkwe alimlisha mtori, maziwa na mlaso, ile damu iliyopikwa kwa maziwa na mafuta, mpaka arudi mwenye afya. Desturi hii haikubuniwa kwa ajili ya mume aliye Nairobi, lakini mume alipokuwa Nairobi, ilimlinda mkewe kama vile angelindwa mume akiwa jikoni. Mkwe na mkamwana walikuwa na migogoro yao, na mtu asidanganywe na picha nzuri: mama mkwe aliyeshika funguo za ghala aliweza kuyafanya maisha ya mke wa msafiri kuwa magumu. Lakini mwanamke huyo hakuachwa peke yake na kichanga.

Au chukua ng'ombe. Mwenye mifugo mingi kuliko majani yake aliiweka kwa jamaa au rafiki. Aliyewekewa alipata maziwa na samadi, na mgawo wa uzao kwa makubaliano. Mwenye ng'ombe alibaki mwenye ng'ombe. Zamani desturi hii ilisaidia kumficha mangi utajiri na kugawanya hatari ya magonjwa. Kwa mfanyakazi wa mbali ikawa akiba yake: mshahara wa Tanga uligeuka mtamba katika zizi la binamu, na mjane wa jirani akapata maziwa ya watoto. Ardhi nayo iliazimishwa. Aliyeazimwa alipeleka mbege kwa mwenye shamba mara kwa mara, na pombe hiyo ya ndizi na ulezi ilinywewa mbele ya watu, ili siku ya ubishi wawepo wa kukumbuka shamba ni la nani. Mipaka ilipandwa mimea ya masale. Hata hivyo ubishi ulikuja. Kesi alizozifuata Moore zimejaa watu waliorudi baada ya miaka mingi wakakuta masale yamehama, au mtoto wa aliyeazimwa akiapa kwamba babu yake ndiye aliyepanda mbuni wa kwanza. Msafiri alihitaji mke aliyebaki, mwenye macho na mdomo, kuliko alivyohitaji hati yoyote.

Sasa fedha. Wengi wakiulizwa nini kilizishikilia familia hizi watasema fedha zilizotumwa: hawala ya posta, bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi, na tangu mwaka 2008, M-Pesa. Fedha zilikuja, na zilijenga nyumba za matofali. Lakini mshahara wa karani ulikuwa mdogo na mji ulikuwa na mdomo mkubwa. Kahawa, kwa upande wake, ilikuwa ya baba hata kama aliyeichuma, kuimenya na kuianika ni mama. Kadi ya ushirika ilikuwa na jina la mwanamume, na malipo yalikuja kwa mafungu, msimu kwa msimu. Mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa vilikuwa vya mama. Wanawake wa Kichaga walikuwa na masoko yao tangu kabla ya ukoloni, na siku za gulio zilipishana ili mtu wa Mwika aweze kufika Marangu, na wa Marangu ashuke Himo. Chumvi, sabuni, daftari na mafuta ya taa vilinunuliwa kwa fedha hiyo ndogo ya kila wiki. Mume akichelewa kutuma miezi sita, nyumba haikulala njaa.

Nafikiri hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Familia ilikuwa na mikondo mitatu ya riziki ambayo haikukauka kwa wakati mmoja: mshahara, kahawa na ndizi. Nusu ya pili ya karne ya 20 iliujaribu kila mmoja.

Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa mtu wa Rombo, ambaye Taveta na Loitokitok ni majirani, na kwa wote waliokuwa na ndugu Mombasa na Nairobi, karibu miaka saba ilipita bila njia halali ya kwenda kumwona mtu. Watu walivuka porini usiku, na kahawa ilivuka nao kwenda kutafuta bei. Magendo yaliwatia wengine jela na kuwajengea wengine maghorofa. Lakini mfanyakazi wa kawaida wa Mombasa aliyekuwa akituma fedha kila mwezi hakuwa na njia tena. Kabla tu ya mpaka kufungwa, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU ikiwemo, na ilirudishwa mwaka 1984 tu. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi iliyowakumba wenye maduka wa miji yote. Baadhi ya waliofungiwa biashara walirudi migombani. Waliwakuta mama zao na wake zao na zizi, na mara nyingi walikula ndizi ambazo hawakuzilima.

Pigo la kahawa lilifuata. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, na bei ya dunia ikaanguka. Katika miaka iliyofuata vihamba vingi viling'olewa mibuni au viliachwa bila kupuliziwa dawa. Mkondo wa baba ukawa kijito. Wa mama ukapanuka: ndizi za Kilimanjaro zilipakiwa malori kwenda Dar es Salaam, na ng'ombe wa kisasa wa maziwa wakaingia zizini. Upatu uliokuwa wa wanawake wachache wa kitongoji ulipata wenzake, saccos na baadaye vikoba.

Na katikati ya yote hayo, UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza walionekana Kilimanjaro katikati ya miaka ya 1980, na Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ikawaona wengi. Ugonjwa ulifuata barabara zilezile za biashara na kazi. Mwanaanthropolojia Philip Setel, katika kitabu alichochapa mwaka 1999, alieleza jinsi mlima ulivyouona ugonjwa huo kama adhabu ya safari zenyewe, za vijana waliotoka kutafuta na kurudi wakiwa wamekonda. Wake waliokuwa wamebaki kulinda nyumba waliambukizwa na waume waliorudi kwa wiki mbili. Gharama hii haina budi kuwekwa kwenye hesabu, na aliyeilipa zaidi ni bibi. Alizika watoto, kisha akaanza kulea upya akiwa na miaka sitini na kitu, kwa ndizi zilezile na ng'ombe yuleyule.

Shule ndiyo iliyowafunga waliotoka na waliobaki kuliko kitu kingine. Serikali baada ya uhuru iligawa nafasi za sekondari kwa mikoa, na watoto wa Kilimanjaro waliofaulu walikuwa wengi kuliko nafasi. Wazazi wakajenga zao. Katika miaka ya 1970 na 1980 shule za sekondari za jumuiya za wazazi na za makanisa zilichipuka mlimani kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Fedha zilitoka kwenye makato ya kahawa, kwenye harambee za usharika, na kwa watoto waliokuwa mjini ambao waliitwa kuchangia hata kabla hawajawa na watoto wao wenyewe. Kaka aliyeajiriwa alimsomesha mdogo, mdogo akamsomesha anayemfuata. Hakukuwa na mkataba, ila kila mtu alijua zamu yake, na aliyeikwepa alisikia habari zake zikizungumzwa mbegeni.

Ndiyo maana Desemba ina uzito. Juu ya Krismasi na misa na ibada ndefu, kuna mbuzi anayechinjwa, nyama ikagawanywa kwa kufuata umri na nasaba ili kila mmoja ajue anasimama wapi, kuna supu ya kisusio, na kuna kikao cha ukoo. Hapo husomwa madeni ya mwaka: nani amechangia paa la mama, nani mgonjwa, nani hajaonekana miaka mitatu, mpaka gani umesogezwa. Mgomvi hupelekewa jani la isale kuombwa msamaha, na si rahisi kulikataa mbele ya watu. Hata garimoshi, lililokuwa limeacha kubeba abiria wa Moshi kwa zaidi ya miaka 20, liliporudishwa lilianza safari Desemba 2019, wakati ambao lisingekosa abiria.

Anayekosa Desemba zote bado atarudi mara moja. Mchaga huzikwa nyumbani, kaburi likiwa kihambani, na vyama vya kuzikana vya Dar es Salaam, Arusha na hata Ulaya vipo hasa kwa ajili ya kukodi gari au kulipia ndege ya maiti. Watu wa makabila mengine hushangaa gharama hizo. Lakini makaburi ndiyo yanayofanya kihamba kisiuzwe kwa mgeni, na kihamba kisichouzwa ndicho kilichowapa waliofilisika mahali pa kurudi mwaka 1983.

Siku hizi utaratibu wenyewe umeanza kulegea mahali ambapo Gutmann asingetarajia. Kitinda mimba naye ameondoka. Kihamba alichorithi kimegawanywa mara tatu au nne tangu siku za babu, na robo ekari haimsomeshi mtoto. Nyumba kubwa za bati jekundu hukaa zimefungwa miezi 11, kijana wa kuajiriwa kutoka mkoa mwingine akilisha ng'ombe. Mama aliyebaki ana simu na fedha inaingia, ila majani hayaji kwa simu.

Swali la kikao cha Desemba limegeuka. Zamani waliuliza nani ataondoka. Sasa wanauliza nani atakaa na mama. Mara nyingi jibu ni binti: aliyeachika, aliyestaafu ualimu, au yule wa ng'ambo anayelipa mshahara wa mlezi. Desturi haikumpa binti kihamba. Sheria imesogea mbele ya desturi: mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanamume anavyoweza, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kuwa mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Mlimani jambo hilo linaamuliwa kaya kwa kaya. Kuna kaka waliokwisha kuandika jina la dada yao kwenye karatasi za kijiji, na kuna wanaomwambia abaki, alime, atunze makaburi, halafu wakati wa mgawo wanahesabu wanaume tu.